GPIO ya Raspberry Pi 3: datashiti inasema 0x7E200000, kodi za mtandaoni 0x3F200000. Nani mkweli?

#1 FundiKigogo
Habari wakuu. Naandika draiva yangu ndogo ya kerneli kwenye Raspberry Pi 3. Nataka kuielewa GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara) kutoka chini kabisa, bila maktaba ya mtu. Nimekwama kwenye anwani.

Datashiti ya BCM2835 (chipu ya Pi ya kwanza) inaweka rejista za GPIO kwenye 0x7E200000. Kodi karibu zote za Pi 3 zinaandika 0x3F200000. Za Pi ya kwanza zinaandika 0x20200000. Halafu nikifungua mti wa vifaa (device tree, faili linaloiambia kerneli kuna vifaa gani na viko anwani zipi) wa Pi 3 yenyewe nakuta nodi inaitwa gpio@7e200000. Yaani kerneli imepewa 7e, watu wanatumia 3f, na ya kwao inafanya kazi.

Ovalei yangu (kipande kinachoongezwa juu ya mti huo) hii hapa:

```
/dts-v1/;
/plugin/;
/ {
    compatible = "brcm,bcm2835";
    fragment@0 {
        target-path = "/";
        __overlay__ {
            taa@7e200000 {
                compatible = "fundi,taa";
                reg = <0x7e200000 0xb4>;
            };
        };
    };
};
```

Draiva inapatikana, probe (kazi ya draiva inayoitwa kifaa kikipatikana) inaingia vizuri, lakini nikichapisha rasilimali kwenye dmesg (logi ya kerneli) napata `[mem 0x7e200000-0x7e2000b3]` na taa haiwaki. Kati ya datashiti, mtandao na mti wa vifaa, nani anaongopa?

#2 MzeeWaSoda
Kijana, kuwasha LED ya mia mbili unaandika draiva ya kerneli? Python mistari mitatu unalala.

#3 FundiKigogo
Mzee shikamoo. Python nimeshafanya. Nataka kujua kilichopo chini yake.

#4 NyayaTupu
Mkuu hiyo ni MMU tu, kile kitengo cha CPU kinachotafsiri anwani. 0x7E ni anwani pepe, 0x3F ndiyo halisi. Ukiita ioremap kerneli inazibadilisha yenyewe. Tatizo lako liko kwenye draiva, si kwenye anwani.

#5 KahawaNaKodi
@NyayaTupu hapana boss, usimpeleke huko. Katika zile namba tatu hakuna hata moja ya MMU. Anwani pepe ni ile ioremap inakurudishia baadaye, na kila ukiwasha mashine inaweza kuwa nyingine.

0x7E200000 ni anwani ya basi, ile ambayo VideoCore (GPU ya chipu) na injini ya DMA (inayohamisha data bila CPU) wanaiona. 0x3F200000 ni anwani halisi ambayo ARM (CPU) anaiona kwenye BCM2837, chipu ya Pi 3. Rejista ni zile zile, mlango ndio tofauti. Datashiti yenyewe ina mchoro wa ramani kurasa za mwanzoni, na inasema wazi kuwa anwani zilizoandikwa humo ni za basi.

FundiKigogo, run hii halafu ubandike hapa:

`xxd /proc/device-tree/soc/ranges`

#6 FundiKigogo
```
00000000: 7e00 0000 3f00 0000 0100 0000 4000 0000
00000010: 4000 0000 0000 1000
```

#7 KahawaNaKodi
Jibu lako liko hapo. Zikate seli tatu tatu, kila seli biti 32, baiti kubwa mbele:

7e000000 | 3f000000 | 01000000
40000000 | 40000000 | 00001000

Mstari wa kwanza unasema hivi: mtoto wa nodi ya soc akitaja anwani kuanzia 0x7e000000, kwa mzazi inasomeka kuanzia 0x3f000000, na dirisha lina upana wa MB 16. Fanya hesabu: 0x7e200000 toa 0x7e000000, jumlisha 0x3f000000, unapata 0x3f200000. Hakuna aliyeongopa.

Mstari wa pili ni wa rejista za ndani za ARM ambazo zilikuja na BCM2836 (chipu ya Pi 2), yaani timer za kila kiini, mailbox zao na kidhibiti cha intarapti. Hizo hazipo upande wa 7e kabisa, ndiyo maana zina dirisha lao, na namba ni moja pande zote mbili.

Sasa angalia ovalei yako. target-path = "/". Nodi yako imekuwa mtoto wa mzizi, si wa soc. Kwenye mzizi hakuna wa kubadilisha kitu, maana hapo ndipo anwani za CPU zinapoanzia. Umeandika 0x7e200000, ukapewa 0x7e200000 kama ulivyoagiza. Weka `target = <&soc>;` ujaribu tena.

#8 Shemeji_wa_Linux
Kwa wanaochungulia tu: ni kama chumba namba 3. Ukiwa ndani ya ua inatosha kusema namba 3, lakini bodaboda wa nje lazima aambiwe kwanza ua upi. ranges ndiyo inamwambia bodaboda.

#9 MzeeWaSoda
Bodaboda wangu hata ukimwambia ua anapotea.

#10 NyayaTupu
Sawa @KahawaNaKodi nimekubali. Ila swali linabaki, kwa nini wameandika mti kwa anwani za basi? Bodi nyingi nilizogusa, nodi ina anwani ile ile CPU anayoiona. Hawa Pi wamezungusha bila sababu.

#11 Darubini
Sababu ipo. Kwenye chanzo cha kerneli kuna faili moja, bcm283x.dtsi, lenye gpio@7e200000, serial@7e201000, spi@7e204000 na ndugu zao. Faili za bcm2835, bcm2836 na bcm2837 zinalijumuisha hilo halafu kila moja inaweka ranges yake. BCM2835 ina 0x7e000000 kwenda 0x20000000. 2836 na 2837 zinakwenda 0x3f000000. Badala ya kuandika upya nodi kibao, umebadilisha mstari mmoja. Ndiyo maana FundiKigogo aliona 0x20200000 kwenye Pi ya kwanza.

#12 MbwigaWaChipu
Hiyo ni faida, sababu ni nyingine. Kwenye chipu hii mwenye nyumba ni VideoCore. GPU ndiye anaamka wa kwanza, anasoma kadi, anapakia kerneli na DTB (faili la mti lililokwisha kompailiwa) kwenye RAM, ndipo anamwamsha ARM. Ramani ya chipu ilichorwa kwa macho ya VideoCore na ARM akawekewa dirisha. Aliyeandika mti alinakili namba za datashiti, na datashiti iliandikwa kwa anwani za basi. Basi.

#13 KahawaNaKodi
Ya tatu naongeza mimi. Fungua spi-bcm2835.c. Kwa DMA, draiva inaita of_get_address na kuchukua namba ghafi kutoka reg, kabla ya ranges kuigusa. Draiva ya I2S inafanya vivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu injini ya DMA inataka FIFO (foleni ya data ya kifaa) iitwe 0x7e204004, ukiipa 0x3f204004 haimjui huyo. Kama mti ungeandikwa kwa 3f, draiva zingekosa pa kuipata namba ya basi.

#14 Darubini
@KahawaNaKodi hapo umeanzia mkiani. Draiva zimefanya hivyo kwa kuwa mti ulikuwa tayari na 7e. Ungekuwa na 3f wangetafuta njia nyingine.

#15 KahawaNaKodi
Njia gani? Tuonyeshe.

#16 Darubini
dma_map_resource.

#17 MbwigaWaChipu
Ambayo ilikuja baadaye, 🙂 tuendelee.

#18 FundiKigogo
Nimerudi. Nimebadilisha target kuwa &soc, na sasa dmesg inasema `[mem 0x3f200000-0x3f2000b3]`. Hilo limeeleweka, ahsante @KahawaNaKodi.

Lakini devm_ioremap_resource inarudisha -16.

#19 Shemeji_wa_Linux
-16 ni EBUSY. `sudo cat /proc/iomem | grep 3f200000`. Utamkuta mwenye eneo.

#20 FundiKigogo
Kweli. Kuna mstari wa 3f200000-3f2000b3 na mbele yake gpio@7e200000. Kumbe namba zote mbili zilikuwa kwenye mstari mmoja muda wote.

#21 Shemeji_wa_Linux
Huyo ni pinctrl-bcm2835, draiva ya kerneli ya pini hizo, amewahi kiti. Ukitumia devm_ioremap bila `_resource` utapita, maana hiyo haiombi ruhusa ya eneo. Ila mtakuwa wawili mnaandika rejista zile zile bila kujuana. Kwa kujifunza sawa, kwa kazi ya mteja usithubutu. Mteja unamwandikia nodi yenye `gpios = <&gpio 17 0>;` na kuacha pinctrl ashike chuma.

#22 MzeeWaSoda
Yaani tumerudi kwenye Python.

#23 PwaniEmbedded
Wakuu salaam. Nimeichukua ovalei ya #1 kama ilivyo nikaijaribu kwenye Pi 4. Hata hiyo 0x7e200000 sipati, platform_get_resource inarudisha NULL. Kerneli mpya imeharibika?

#24 KahawaNaKodi
Kerneli haina kosa. Kwenye Pi 4 mzizi una #address-cells = <2> na #size-cells = <1>, kwa sababu BCM2711 (chipu ya Pi 4) ina anwani zinazozidi biti 32. Chini ya mzizi reg inahitaji seli tatu, mbili za anwani na moja ya ukubwa. Wewe umempa mbili. Hajakamilisha hata ingizo moja, kwa hiyo kwake hakuna rasilimali.

#25 NyayaTupu
Si angeweka tu #address-cells = <1> ndani ya nodi yake? Seli zinarithiwa kutoka juu, ukiweka chini unafuta ya juu.

#26 Darubini
Makosa mawili kwenye sentensi mbili, mkuu.

Hazirithiwi. Kila nodi yenye watoto inatakiwa itaje zake. Ikikosa, vipimo vinasema msomaji achukulie 2 kwa anwani na 1 kwa ukubwa, hata kama babu yake aliandika nini. dtc (kompaila ya mti) inakupigia kelele ya avoid_default_addr_size, na watu wanaipuuza.

Pili, #address-cells iliyo ndani ya nodi inahusu reg za watoto wa nodi hiyo. reg yake mwenyewe inasomwa kwa seli za mzazi wake. Akiiweka ndani ya taa@ haitabadilisha chochote.

#27 PwaniEmbedded
Kwa hiyo ranges ya Pi 4 inakatwaje? Yangu inaanza 7e000000 00000000 fe000000 01800000.

#28 Darubini
Anwani ya mtoto kwa seli za soc (1), anwani ya mzazi kwa seli za mzizi (2), ukubwa kwa seli za soc (1). Jumla seli nne kwa ingizo. 0x7e000000 inaangukia 0x0_fe000000, upana MB 24. GPIO yako iko 0xfe200000.

Maktaba ya zamani ya bcm_host ilijua hili kwa namna ya kuchekesha. bcm_host_get_peripheral_address inasoma baiti nne kwenye ofseti 4 ya /proc/device-tree/soc/ranges. Ikikuta sifuri, inasoma ofseti 8. Ofseti 4 kwenye Pi 3 ni 3f000000. Kwenye Pi 4 ni ile nusu ya juu ambayo ni sifuri. Faili lisipokuwepo inakurudishia 0x20000000 kwa imani.

#29 MzeeWaSoda
Hiyo "kwa imani" nimeipenda. Nusu ya kodi zangu ziko hivyo.

#30 LangoLaMantiki
Suala la seli limenigharimu kazi, acheni nieleze. Nilihamisha mradi wa FPGA kutoka Zynq-7000 kwenda Zynq UltraScale+. Zynq ndogo ni seli moja moja, kubwa ni mbili mbili. Kila mtu anajua reg = <0x41200000 0x10000> itapigwa ukipeleka kwenye 2/2 (seli mbili za anwani, mbili za ukubwa), dtc anasema wazi urefu wa baiti 8 haufai. Hizo nilizisahihisha zote kabla ya chai.

Iliyoniua ni nodi yenye maeneo mawili:

`reg = <0x41200000 0x10000 0x41210000 0x10000>;`

Hesabu baiti. Ni 16. Kwenye 1/1 hayo ni maingizo mawili. Kwenye 2/2 ni ingizo moja kamili, halali, hakuna onyo la urefu. Kerneli inasoma anwani 0x4120000000010000. Niliipita nikiwa natafuta maonyo tu. Inayotakiwa ni kama `<0x0 0xa0000000 0x0 0x10000>, <0x0 0xa0010000 0x0 0x10000>`. Tangu hapo kila ingizo naliwekea mabano yake. dtc haijali mabano, ila jicho langu linajali.

#31 FundiKigogo
Duh. Hii naiweka kwenye daftari.

#32 Kipepeo_BBB
Nyie mnalalamikia tafsiri ya hatua moja. Njooni BeagleBone Black. UART0 ya AM335x kwenye datashiti iko 0x44E09000. Kwenye mti wa siku hizi nodi inaitwa serial@0, reg = <0x0 0x1000>. Mara ya kwanza nilidhani wamefuta anwani.

Unapanda ngazi. serial@0 iko ndani ya target-module@9000, hapo 0x0 inakuwa 0x9000. Hiyo iko ndani ya segment@200000, inakuwa 0x209000. Hiyo nayo iko ndani ya interconnect@44c00000, ambako 0x200000 inakwenda 0x44e00000. Ukifika juu una 0x44e09000. Wameacha maoni pembeni ya kila nodi yenye anwani kamili, la sivyo tungelia.

#33 NyayaTupu
Na faida yake?

#34 Kipepeo_BBB
Ngazi zile zipo kweli kwenye chuma, L4 ina segmenti na moduli. Kila target-module ina saa yake na rejista zake za kulala na kuamka, draiva ya ti-sysc inashughulika na hilo kabla ya kumgusa mtoto. Mti ukiwa bapa, hayo yote yalikuwa yanaandikwa kwenye C.

#35 Mwanafunzi_wa_Usiku
Mimi kwenye bodi yangu niliona ranges imeandikwa peke yake, `ranges;` bila namba. Nikaona haina kazi nikafuta. UART zikapotea zote. Kwani tupu na kutokuwepo si sawa?

#36 Darubini
Si sawa hata kidogo. `ranges;` tupu maana yake mtoto na mzazi wana anwani zile zile, pita moja kwa moja. Kukosekana kabisa maana yake hakuna njia, anwani za huku CPU hazifikii. Ndiyo hali halali ya I2C. Sensa ya 0x68 kwenye I2C ina reg = <0x68>, basi lake lina #size-cells = <0> na halina ranges, maana 0x68 si mahali kwenye memori, huwezi kui-ioremap. Ulipofuta ranges uliigeuza soc yako kuwa kama I2C.

#37 MbwigaWaChipu
Nyongeza tu. Kwenye of_address (kodi ya kerneli inayotafsiri anwani) kuna msamaha kwa Mac za zamani za PowerPC, ambazo fimwea zake ziliacha ranges pale ilipotakiwa. Huko Linux inachukulia kukosekana kama tupu. Kwa ARM msamaha huo haupo.

#38 Shemeji_wa_Linux
Mac tena zinaingiaje? Si device tree ilitengenezwa na Linaro kwa ajili ya ARM?

#39 MbwigaWaChipu
Shemeji, mti huu una umri kuliko baadhi ya wachangiaji humu. Ulitoka Open Firmware, ambayo Sun walianza nayo kwenye SPARC ikawa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Apple nao wakaitumia kwenye PowerPC. Ule wa bapa, DTB unaopakiwa kama faili, ulitokea kwa watu wa Linux ya PowerPC katikati ya miaka ya 2000 ili bodi zisizo na Open Firmware nazo zipate mti. ARM waliingia kwa nguvu baada ya 2011, Torvalds alipochoshwa na mafaili ya bodi yaliyojaa arch/arm. Maneno aliyoyatumia siyabandiki hapa, kuna watoto.

#40 MzeeWaSoda
Na DTB yenyewe inaanza na d00dfeed. Watu wazima hao.

#41 LangoLaMantiki
Turudi. Nimesoma juu mtu anasema ranges "inabadilisha" anwani. Tuwe makini, maana wanafunzi wanasoma. ranges haigusi chuma. Ni maelezo tu. Ukiandika 0x3e000000 badala ya 0x3f000000, chipu haitahamia huko. Utakuwa umemdanganya kerneli.

#42 PwaniEmbedded
@LangoLaMantiki kwa soc nakubali. Kwa PCIe sikubali. pcie-brcmstb inasoma ranges ya nodi ya PCIe halafu inapanga madirisha ya kutoka kwenye kidhibiti kulingana na namba hizo. Kwenye mti wa Pi 4 kuna

`ranges = <0x02000000 0x0 0xf8000000 0x6 0x00000000 0x0 0x04000000>;`

Ukiubadilisha upana, draiva inapanga dirisha lingine. Kuna watu waliounganisha vifaa vya PCIe vyenye BAR kubwa (eneo la memori ambalo kifaa kinaomba) kwenye CM4 (Pi 4 ya moduli), na dawa ilikuwa kuhariri mstari huo. Maelezo yamegeuka amri.

#43 LangoLaMantiki
Draiva ndiyo imeamua. ranges imekaa kimya.

#44 PwaniEmbedded
Matokeo ni yale yale mkuu, chuma kimebadilika kwa sababu ya ranges.

#45 FundiKigogo
Samahani, hiyo 0x02000000 ya mwanzo ni ya nini? Nahesabu seli saba.

#46 KahawaNaKodi
PCI ina seli tatu za anwani. Ya kwanza si anwani hasa, ina bendera. Biti mbili za aina: 01 ni I/O, 10 ni memori ya biti 32, 11 ni memori ya biti 64. 0x02000000 ni ile 10. Kisha seli mbili za anwani ya PCI, mbili za anwani ya CPU (0x6_00000000), mbili za ukubwa, MB 64. 3+2+2 = 7.

Na ukiendelea chini utaona dma-ranges inayoishia 0xc0000000, GB 3. Toleo la kwanza la BCM2711 PCIe yake haiwezi kufikia RAM iliyo juu ya GB 3. Mti ndio unamwambia kerneli asipeleke bafa huko.

#47 Mpiga_Nukta
Asante kwa kutaja dma-ranges, ndilo jambo langu. Naendesha mkanda wa taa za WS2812 kwa DMA na PWM kutoka programu ya kawaida, si kerneli. Anwani ya ukurasa naipata kwenye /proc/self/pagemap, naandika control block (maagizo ya DMA), naipa DMA. Pi ya kwanza inakwenda safi. Pi 3 mara inakwenda, mara taa zinaonyesha rangi za fremu iliyopita.

#48 MbwigaWaChipu
Umepachika 0xC0000000? DMA inaona RAM kupitia lakabu, yaani anwani nyingine za RAM ile ile. Kwenye BCM2835 dma-ranges inaanza 0x40000000, kwa sababu ARM ya pale inapitia kashe ya L2 ya VideoCore na DMA lazima ipitie hapo hapo. Kuanzia 2836 ARM ana L2 yake na hapitii tena kule, kwa hiyo dma-ranges ni 0xc0000000, lakabu isiyo na kashe. Ukibeba kodi ya Pi ya kwanza yenye 0x4 utasoma vitu vya zamani.

#49 Mpiga_Nukta
Nimepachika. 0xC kwa RAM, na FIFO ya PWM nimeiandika 0x7e20c018, si 0x3f. Bado.

#50 Darubini
Basi ni kashe ya ARM. Lakabu ya 0xC inaondoa kashe ya upande wa VideoCore tu. Data yako imelala kwenye L1 au L2 ya Cortex-A53, haijashuka RAM. Programu ya kawaida haina dma_map_single ya kuisukuma.

#51 Shemeji_wa_Linux
Au ukurasa unahamishwa. Umeufunga kwa mlock? Na mlock yenyewe inazuia swap tu, kerneli bado inaweza kuuhamishia kwingine kwenye RAM wakati wa kupanga memori. Omba memori kwa mailbox ya VideoCore, hiyo haihamishwi.

#52 Mpiga_Nukta
mlock ipo. Mailbox nilijaribu, ikapungua lakini haikuisha. Ndiyo maana siamini kama ni ukurasa peke yake.

#53 LangoLaMantiki
Memori ya mailbox uliomba na bendera zipi? Zipo zinazokupa lakabu yenye kashe. Halafu ile ramani yako ya /dev/mem, uliifungua na O_SYNC? Usipoiweka, ARM anaweza kuiwekea kashe.

#54 Kipepeo_BBB
Mimi nashuku umeme. WS2812 data ya 3.3 V kwenye mkanda wa 5 V, fremu ikipotea unaona ya zamani.

#55 Mpiga_Nukta
@Kipepeo_BBB kuna kibadilisha volti, na mkanda ni ule ule uliokuwa kwenye Pi ya kwanza. @LangoLaMantiki O_SYNC ipo, bendera za mailbox ngoja niangalie nikifika nyumbani, kodi ile niliikuta.

#56 Darubini
Ukifika, bandika pia `xxd /proc/device-tree/soc/dma-ranges` ya Pi zote mbili. Kama ile ya Pi 3 haianzi na c0000000 tunazungumzia DTB tofauti na unayoidhani.

#57 Mwanafunzi_wa_Usiku
Na sisi wa Pi 5? /proc/device-tree/soc/ranges yangu haifanani na chochote humu, na kodi zote za 0xfe200000 zimekataa.

#58 PwaniEmbedded
Kwenye Pi 5 GPIO ya pini 40 haiko tena ndani ya chipu kuu. Iko kwenye RP1, chipu ya pembeni iliyounganishwa kwa PCIe. Ndani ya mti nodi inaandikwa gpio@d0000 yenye reg inayoanza 0xc0 0x400d0000. Panda: ranges ya rp1 inaipeleka kwenye PCI 0x000d0000, ranges ya PCIe inaipeleka 0x1f_00000000 ya CPU. Jumla 0x1f000d0000. Na hata ukiifikia, mpangilio wa rejista ni mwingine, zile GPSET na GPCLR za Broadcom hazipo huko.

#59 MzeeWaSoda
FundiKigogo, taa imewaka lakini?

#60 FundiKigogo
Imewaka mzee, kwa devm_ioremap ya #21. Mteja hayupo, niko peke yangu. Sasa hivi naandika upya kwa gpios. @PwaniEmbedded hiyo anwani ya 0x1f ni ya biti 37, kerneli ya biti 32 inaifikiaje?

#61 PwaniEmbedded
Pi 5 inawashwa na kerneli ya biti 64 tu. Programu zako zinaweza kubaki za 32, ila ukifungua /dev/mem kwa mmap tumia off_t ya biti 64, la sivyo ile 0x1f inakatwa kimya kimya na unafungua anwani nyingine kabisa.